Kilicho Chini ya Msingi: Deni la Ukweli katika Uuzaji wa Nyumba kwenye Ardhi ya Dhahabu ya Geita

Nyumba inapouzwa mahali popote, muuzaji na mnunuzi hupatana juu ya vitu vinavyoonekana: kuta, paa, kisima, miti ya matunda, mipaka ya kiwanja na njia ya kufikia barabarani. Katika ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama mkoani Shinyanga na kupita Mbogwe na Nyang'hwale hadi Geita, mapatano hayo huacha nje jambo ambalo pengine ni zito kuliko yote, nalo ni hali ya ardhi yenyewe chini ya msingi wa nyumba. Huenda chini hapo pana shimo lililofukiwa zamani, au pana haki ya kuchimba aliyopewa mtu mwingine, au pana dhahabu. Swali linalozaliwa hapo ni la maadili kabla halijawa la sheria: anayekijua kilicho chini anawiwa nini na asiyekijua, na je, deni hilo hufutika pale ambapo ofisi imefanya upekuzi wake na benki imeidhinisha mkopo? Makala haya yanatetea jibu kwamba halifutiki, na kwamba upekuzi na idhini, kwa jinsi vinavyoeleweka na watu wengi, vimeanza kutumiwa kuwapumzisha wenye kujua kutoka katika wajibu ambao hakuna karatasi iwezayo kuwaondolea.

Upekuzi, katika lugha ya mauzo ya ardhi, ni uchunguzi wa kumbukumbu rasmi unaofanywa kabla ya fedha kutolewa ili kuthibitisha nani anamiliki, kama mali imewekwa rehani, na kama kuna zuio lolote la mahakama. Upekuzi wa madini ni tawi lake linalouliza kama ardhi imechimbwa, inachimbwa au imo ndani ya leseni ya kuchimbwa. Uingereza, ambako makaa ya mawe na bati vilichimbwa kwa karne nyingi, sheria za mwaka 1872 ziliwalazimisha wamiliki wa migodi kukabidhi serikalini ramani za migodi waliyoiacha, na hadi leo mtu anayenunua nyumba katika maeneo hayo huagiza taarifa ya uchimbaji wa kale kabla benki haijakubali kumkopesha. Katika jimbo la Cornwall benki huenda mbali zaidi: nyumba nyingi zilizojengwa huko katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilitumia zege lililochanganywa na mawe ya mabaki ya migodi, mawe yenye madini ya salfa yanayooza taratibu ndani ya ukuta, kwa hiyo mkopo hautolewi mpaka kipande cha zege kikatwe na kupimwa maabara. Mfano wa Uingereza unaonyesha jambo moja ambalo Geita haina, yaani ramani, na ukosefu huo ndio unaolifanya swali la maadili kuwa gumu zaidi huku kuliko kule.

Ardhi ya Geita imechimbwa kwa tabaka tatu. Kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966 palikuwa na mgodi wa kikoloni wa chini ya ardhi; mwaka 2000 ukaanza uzalishaji katika mgodi mkubwa wa sasa, Geita Gold Mine, ulio chini ya kampuni ya AngloGold Ashanti; na katikati ya vipindi hivyo, na sambamba navyo, wakachimba maelfu ya wachimbaji wadogo ambao kazi yao haikuandikwa popote. Tabaka hili la tatu ndilo linalomhusu zaidi mnunuzi wa nyumba. Duara, jina ambalo wachimbaji wadogo hulipa shimo la kushukia kwenye mwamba, huwa na upana unaomtosha mtu mmoja anayeshuka kwa kamba au kwa kukanyaga vipande vya miti. Sehemu zake za juu, ambako udongo ni laini, hushikiliwa kwa matimba, yaani magogo yaliyopangwa kuzunguka kuta ili zisiporomoke. Likifika kwenye rifu, ambayo ni mshipa wa mwamba ubebao dhahabu, duara huacha kushuka wima na kuanza kuufuata mshipa kokote uendako, kwa hiyo mdomo unaoonekana juu hauonyeshi hata kidogo uwazi wa chini umefika wapi. Rifu ikikatika, au maji yakishinda pampu, wachimbaji huhama. Matimba mazuri hung'olewa yakatumike kwingine, yaliyobaki huliwa na mchwa, na mdomo hufukiwa kwa mawe na udongo uliotoka katika duara la jirani. Udongo huo haujashindiliwa. Mvua zikinyesha hutitia, mwenye eneo akaongeza kifusi, majani yakaota, na baada ya miaka kadhaa mji unapopanuka hapo hapo hupimwa kiwanja, kikapata namba na mnunuzi.

Nyumba iliyojengwa juu ya kifusi cha namna hiyo mara nyingi hutoa dalili: ufa huanzia kwenye pembe ya dirisha, hushuka ngazi kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali hadi kwenye msingi, na ukizibwa kwa saruji hufunguka tena palepale mvua zinaporudi. Dalili si ushahidi kamili, kwa sababu ukuta hupasuka pia kwa mitetemo ya baruti, jambo ambalo wakazi wa mitaa inayopakana na mgodi mkubwa wamelilalamikia kwa miaka mingi, na hupasuka kwa fundi aliyebania saruji. Lakini mtu anayeishi ndani ya nyumba kwa misimu kadhaa, akaziba ufa ule ule mara tatu na kisha akapaka rangi wiki moja kabla dalali hajaleta wateja, hawezi kusema kwamba hakuwa na la kuwaambia. Kuna pia yasiyotoa dalili yoyote. Katika Rwamgasa, kijiji ambacho mradi wa Umoja wa Mataifa ulikichunguza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu ya matumizi ya zebaki, dhahabu iliyonaswa kwa zebaki ilikuwa ikichomwa karibu kabisa na makazi, na udongo wa ua wa namna hiyo huweza kubaki na sumu muda mrefu baada ya mchomaji kuhama na watoto wa familia nyingine kuanza kucheza hapo.

Sheria za nchi zimeigawanya ardhi kwa mlalo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inayoiweka ardhi yote mikononi mwa Rais kama mdhamini wa wananchi, inasema ardhi inajumuisha uso wa nchi na vilivyo chini yake, lakini inayatoa madini na mafuta. Kwa hiyo mwenye hatimiliki ya miaka 33, 66 au 99 ana haki ya kukaa, kujenga, kurithisha na kuuza, ila hana chembe ya dhahabu iliyo chini ya kitanda chake. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, pamoja na marekebisho ya mwaka 2017, inaliweka tabaka la pili, la madini, chini ya Jamhuri, na Tume ya Madini hutoa leseni za utafiti, za uchimbaji mdogo, wa kati na mkubwa juu ya maeneo ambayo tayari yana wakazi. Ni kweli kwamba mwenye leseni hawezi kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba inayokaliwa bila ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali, na huo si ulinzi mdogo. Lakini ulinzi huo haumfahamishi mnunuzi kwamba leseni ipo. Daftari la hati liko kwa Msajili wa Hati, daftari la leseni liko kwenye Tume, na anayefanya upekuzi katika la kwanza tu atarudi na jibu safi kuhusu kiwanja ambacho la pili linaonyesha kwamba kimo ndani ya bikoni, yaani alama za mpaka wa leseni, za mtu mwingine. Upekuzi mmoja, katika Geita, ni nusu ya upekuzi. Na hata ukifanywa katika madaftari yote mawili, maduara ya zamani hayamo katika daftari lolote; yamo katika vichwa vya watu.

Hapo ndipo benki inapoingia. Rehani ni mkataba ambao mkopaji huiweka nyumba kuwa dhamana ya deni, na mkopeshaji hupata haki ya kuiuza asipolipwa. Tanzania ilijaribu njia ya benki moja ya umma, Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mapema miaka ya 1970 na kufa mwaka 1995; kisha ikaja sheria maalumu ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya kuzipatia benki fedha za muda mrefu, TMRC. Pamoja na hayo, mikopo ya nyumba nchini bado ni michache mno ukilinganisha na idadi ya watu, na walio wengi Geita hununua kwa fedha taslimu, kwa hati ya mauziano inayoandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Hali hii ina maana mbili zinazovutana. Kwa wengi hakuna mtu wa tatu mwenye masilahi ya kuuliza maswali magumu. Na kwa wachache wanaokopa, kibali cha benki huchukuliwa kuwa ushuhuda mkubwa kuliko kilivyo. Husikika ikisemwa kwamba nyumba haina tatizo kwa kuwa benki imekubali.

Benki, hata hivyo, imejibu swali jingine. Mthamini aliyetumwa na benki, ambaye taaluma yake inasimamiwa na sheria ya mwaka 2016, hupima vyumba, hukagua hati, hutazama kuta na kulinganisha bei za jirani, kisha huandika thamani ambayo mali ingeuzwa kwayo sokoni. Swali analoulizwa ni kama fedha zitarudi mkopaji akishindwa kulipa, na kwa swali hilo nyumba yenye shimo chini yake yaweza kufaulu vizuri, mradi soko halijui kuhusu shimo. Hapa pana jambo la kuogofya ambalo halijatazamwa vya kutosha: thamani ya soko hujengwa juu ya kile kinachojulikana na wengi, na kwa hiyo ujinga wa pamoja hugeuka kuwa sehemu ya bei, nayo bei ikageuka kuwa sababu ya kuidhinisha. Benki haijadanganya mtu. Imepima kivuli kilichoachwa na ukimya wa wengine.

Tofauti hubainika zaidi katika mikopo inayofuata sharia ya Kiislamu, ambayo nchini imekuwapo rasmi kupitia madirisha ya benki mbalimbali na kupitia Amana Bank tangu mwaka 2011. Katika murabaha, mkataba ambao mfadhili hununua mali kwanza kisha humuuzia mteja kwa bei ya gharama pamoja na faida iliyotajwa wazi, mfadhili si mkopeshaji anayesimama kando, ni muuzaji. Akiwa muuzaji, hubeba wajibu wa muuzaji, na wanasheria wa Kiislamu waliuweka mkataba huu katika kundi la mauzo ya amana, yaani yale ambayo mnunuzi hutegemea ukweli wa muuzaji kuhusu alichokinunua na kwa masharti gani. Mfadhili wa namna hii anayejitoa katika lawama kwa kifungu kidogo cha masharti anabaki na umbo la murabaha huku roho yake imeshatoka. Jambo hili linastahili kufikiriwa hata na wasio Waislamu, kwa kuwa linaonyesha kwamba ukaribu wa benki na mali si jambo la maumbile bali ni jambo la kuchagua: benki inaweza kuchagua kuwa mtu anayejua na kusema.

Mjadala wenyewe ni wa kale. Cicero, mwanasheria na mwanafalsafa wa Roma, katika kitabu chake kuhusu wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anaeleza mabishano ya wanafalsafa wawili wa Stoa, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater wa Tarso, juu ya mtu mwema anayeuza nyumba ambayo yeye peke yake anajua kwamba ina nyoka vyumbani na kwamba miti iliyoishikilia ni mibovu na i karibu kuanguka. Diogenes alishikilia kwamba muuzaji hakumlazimisha mtu kununua, na kwamba kunyamaza si kuficha. Ukitakiwa kusema kila ujualo hakutakuwa tena na kuuza, kutakuwa na kugawa. Antipater alijibu kwamba wanadamu wamefungwa pamoja na undugu wa asili, na kwamba kumwacha mtu aingie katika hasara kwa kutokujua ni kubaya kuliko kukataa kumwonyesha njia aliyepotea, kwa kuwa hapa unamwongoza upotevuni ukijua. Cicero aliunga mkono upande wa kusema, akakumbusha kesi ya mtu mmoja wa Roma aliyeagizwa na makuhani kuibomoa sehemu ya juu ya nyumba yake kwa sababu ilizuia utazamaji wao wa anga, naye akaiuza bila kulitaja agizo hilo. Hakimu aliamua kwamba muuzaji aliyejua na akanyamaza alipe hasara ya mnunuzi. Mkazi anayejua kwamba eneo lake limekwisha kuhesabiwa ndani ya leseni ya mgodi, akaliuza haraka kwa mgeni kutoka Mwanza au Bukoba kabla habari hazijaenea, amesimama mahali pale pale alipokuwa mtu yule wa Roma.

Hoja ya Diogenes ina nguvu ambayo haifai kudharauliwa, na nguvu hiyo huongezeka pale muuzaji anapoweza kusema: si mimi niliyelichimba. Duara lilikuwapo kabla yake, aliyelichimba hajulikani aliko, na yeye mwenyewe pengine alinunua bila kuambiwa. Kwa pingamizi hili, mapokeo ya Kiislamu yana jibu ambalo linakaribia kuwa limetungwa kwa ajili ya Geita. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, Mtume alipita sokoni akaingiza mkono ndani ya lundo la nafaka, na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye lundo akaeleza kwamba ni mvua iliyonyesha, na Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione. Mvua haikuwa kosa la mfanyabiashara. Kosa lake lilianza pale alipoupanga ukavu juu na unyevu chini. Kwa kipimo hicho, asili ya kasoro haimwokoi anayeijua, na kupaka rangi juu ya ufa ni tendo la kupanga, hata kama hakuna neno la uongo lililotamkwa. Ndiyo maana fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, humpa mnunuzi hiyari ya kuvunja mauzo anapogundua kasoro iliyokuwapo tangu awali na iliyofichika kwake.

Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13 ambaye bado ni nguzo ya mafundisho ya Kikatoliki yanayosikika katika jimbo la Geita, alifika karibu na hapo kwa njia yake. Kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza ikiwa bei imeshushwa ipasavyo; kasoro iliyojificha ambayo yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari ni lazima isemwe, na miongoni mwa mifano aliyoitoa ni nyumba inayokaribia kuanguka ikiuzwa kama nyumba imara. Kipimo chake cha hatari ni cha maana sana hapa. Bei iliyozidi yaweza kurudishwa siku moja. Sakafu ikititia usiku watoto wamelala, hakuna cha kurudisha.

Dhahabu yenyewe hugeuza swali. Mara hii anayejua ni mnunuzi: mchimbaji mzoefu aliyeiona rifu ikielekea chini ya nyumba ya mjane, akaja na bei nzuri kidogo ya nyumba bila kusema anachokifuata. Injili ya Mathayo ina mfano wa mtu aliyegundua hazina shambani, akaificha, akauza vyote alivyo navyo akalinunua shamba, na wahubiri huusoma, kwa haki, kama mfano wa thamani ya ufalme wa mbinguni na si kama fundisho la biashara. Anayeufanya kuwa ruhusa ya kumzunguka mjane ameuomba mfano kitu ambacho haukukusudia kutoa. Upande wa pili ipo hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim ya mnunuzi aliyekuta chungu cha dhahabu katika ardhi aliyoinunua, akakirudisha kwa muuzaji akisema alinunua ardhi na si dhahabu, naye muuzaji akakikataa akisema aliuza ardhi na vilivyomo. Wakaenda kwa mwamuzi, ambaye alipojua kwamba mmoja ana mtoto wa kiume na mwingine wa kike, aliamuru waoane na mali hiyo itumike kwa ajili yao. Wote wawili wanaogopa zaidi kuchukua kisicho chao kuliko kupoteza kilicho chao. Sheria ya Tanzania imelimaliza jambo la umiliki kwa kusema dhahabu si ya yeyote kati yao, lakini haikulimaliza jambo la siri, kwa sababu anayeshika uso wa ardhi ndiye anayetoa ile ridhaa ya maandishi, na ridhaa hiyo ina bei. Mjane aliyeuza nyumba bila kujua ameuza pia haki ya kuulizwa.

Linabaki pingamizi zito kuliko yote, nalo linatoka kwa maskini. Nyumba ndiyo akiba yote ya familia. Ukweli ukisemwa, bei huanguka au mnunuzi hukimbia, na gharama ya shimo lililochimbwa na watu kumi waliokwisha kutawanyika humwangukia mtu mmoja aliyekuwa wa mwisho kulishika. Kumtaka awe mkweli huku wengine wote wakiwa wameshaondoka na faida ni kumdai yeye peke yake deni la wengi. Pingamizi hili halihalalishi ukimya, kwa kuwa ukimya huuhamisha mzigo huo huo kwenda kwa familia nyingine isiyojua na ambayo huenda ni maskini zaidi. Lakini linaonyesha kwamba haki ya mnunuzi haiwezi kusimama juu ya ushujaa wa muuzaji pekee. Yupo mwingine wa kuulizwa. Kama madini ni ya Jamhuri kwa niaba ya wananchi, na kama kwa marekebisho ya 2017 dhahabu ilitozwa mrahaba wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, ni vigumu kuona kwa nini dhahabu iwe ya umma na uwazi ulioachwa nayo uwe wa mtu binafsi. Mgodi mkubwa hutakiwa kuwa na mpango wa kufunga na dhamana ya kurekebisha ardhi. Maduara ya wachimbaji wadogo hayakuwa na dhamana hiyo, ingawa dhahabu yao, hasa tangu masoko ya madini yalipofunguliwa mwaka 2019 na Geita ikawa miongoni mwa ya kwanza, imekuwa ikilipiwa mrahaba kama nyingine. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingetosha kuanza kazi ambayo Uingereza ilianza mwaka 1872: kuwaita wachimbaji wazee wa Mgusu, Nyarugusu na Rwamgasa kabla hawajafa, kutembea nao mtaa kwa mtaa, na kuweka alama kwenye ramani mahali walipowahi kushuka. Wanajua. Hakuna aliyewauliza.

Ramani hiyo itachukua miaka, na nyumba zinauzwa leo. Kwa wakati huu chombo kilicho karibu ni ile hati ya mauziano inayoandikwa kwenye ofisi ya mtaa, ambayo kwa kawaida hutaja majina, bei, mipaka, mashahidi na ridhaa ya mwenza wa ndoa. Ikiongezwa hapo sentensi moja inayomtaka muuzaji aeleze, kwa kadiri ajuavyo, kama katika kiwanja au mpakani mwake pamewahi kuchimbwa, kuchenjuliwa au kuwekewa bikoni za leseni, hali ya maadili hubadilika yote. Kabla ya swali, Diogenes alikuwa na pa kusimama: kunyamaza ni kunyamaza tu. Baada ya swali lililosomwa kwa sauti mbele ya majirani, ambao baadhi yao walishuka katika duara hilo hilo, ukimya hauna tena mahali. Kuna kusema kweli au kuna kusema uongo mbele ya mashahidi. Faida kubwa ya upekuzi, ukiutazama hivi, si kugundua kisichojulikana na mtu yeyote, kwani mara nyingi haugundui. Ni kumlazimisha anayejua atamke, na kuwageuza majirani kutoka watazamaji kuwa washiriki wa ukweli au wa uongo.

Upande wa benki, sheria yenyewe ina mvutano ambao haujasuluhishwa. Sheria ya Ardhi humtaka mkopeshaji anayeuza nyumba ya rehani, mkopaji akishindwa kulipa, atafute bei bora inayowezekana, na lengo ni jema, kumlinda mkopaji asinyang'anywe mali yake kwa bei ya kutupa. Lakini benki inayojua kupitia taarifa ya mthamini wake kwamba nyumba imeinama kuelekea shimo, kisha ikaipeleka mnadani kwa tangazo la kuuzwa kama ilivyo, inatimiza wajibu wake kwa mkopaji kwa kumfumba macho mnunuzi mpya. Bei bora iliyokusudiwa na sheria ni bei ya nyumba jinsi ilivyo kweli, si ya nyumba jinsi inavyodhaniwa, na tafsiri hiyo haihitaji sheria mpya. Hali ni hiyo hiyo pale benki inapokataa ombi la mkopo kwa sababu ya walichokiona mthamini na mhandisi, ikamwambia mwombaji tu kwamba hakufanikiwa, na taarifa ikabaki kabatini huku nyumba ikiuzwa mwezi unaofuata kwa fedha taslimu kwa mtu ambaye hakupita benki. Ada ya uthamini hulipwa na mwombaji. Taarifa aliyoilipia anastahili kuisoma yote, pamoja na ukurasa unaohusu ardhi, na kuruhusiwa kuipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa ambako nyumba hiyo ipo.